Mshubiri Kwenye Mavi ya Chuma

Ukiuhurumia mshubiri, unyime maji.

Methali hiyo mliisikia juzi, mlipokuwa mkimenya viazi vya harusi, mama mmoja akimtolea mwenzake ambaye mpaka leo anamfulia nguo mwanawe mwenye ndevu. Mkacheka, mkaulizana ni huruma gani hiyo ya kunyima. Mmoja wenu akadai ni maneno ya wachoyo wanaotafuta sababu ya kufunika mtungi. Mwingine akasema ni ile ile ya mchelea mwana kulia, imebadilishwa nguo tu. Zinafanana, sikatai, kama ndugu wa baba mmoja, lakini hii ina mama yake. Haya, mikono iendelee na viazi, masikio yabaki huku. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, majembe ya nchi hii yalipokuwa bado yanafuliwa hapa hapa, Lihanje ilikuwa kijiji cha wahunzi. Ilikaa juu kabisa mlimani, mahali ambapo mtu hutazama mawingu kwa kuinamisha kichwa, na mwezi wa sita ukiingia utaota moto mgongoni, ugeuke uote na tumboni, na bado meno yatagongana. Watu wa Lihanje walikuwa na chuma. Watu wa Lufilo, kule bondeni kwenye joto, walikuwa na mpunga na ndizi. Wakawa wanabadilishana, na watu wanaobadilishana vitu hawakawii kuoleana.

Sasa, watu wa Lufilo walikuwa na desturi yao. Binti akiolewa mbali, mama yake alimfungia vichipukizi vya mshubiri kutoka ua wa nyumbani. Utomvu wa mshubiri huo ndio uliopakwa kwenye ziwa la mama ili binti aache kunyonya, na ndio uliotibu kuku wake wa kwanza, kwa hiyo ulikuwa kama ndugu yake. Akifika kwa mume anaupanda. Mwezi wa tisa, msimu wa baridi ukishapita, wajomba wanapanda mlima kwenda kuutazama. Wakiukuta hai, ndoa imekamilika na ngoma inapigwa. Wakiukuta umekufa, hawana maneno mengi. Wanamchukua mtoto wao wanarudi naye, maana ardhi iliyoshindwa kutunza mmea ambao hata mbuzi anaukimbia, itamtunzaje mtu?

Kwa Lihanje desturi hiyo ilikuwa msiba mtupu. Hakuna mshubiri uliowahi kuvuka mwezi wa saba kule juu. Wake wanne wa Lufilo walikuwa wameshachukuliwa, na wa nne alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa Mama Lutengano. Alishuka mlima akilia. Mumewe akakaa majuma mawili anaitazama njia, kisha naye akaenda kutafuta kazi mbali, na mpaka hadithi hii inaanza hakuwa ameleta hata salamu.

Basi fikirieni huyo mama alivyojisikia mtoto wake wa pili, Lutengano mwenyewe, mhunzi aliyerithi fuawe ya baba yake, alipokuja kumwambia amempenda binti wa Lufilo.

"Mwanangu, wasichana wa huku juu wameisha?" akauliza.

"Hawajaisha, mama. Lakini huyu ananiuliza maswali."

Na kweli Tusajigwe alikuwa mtu wa maswali. Walijuana siku alipokuja na kaka zake kuchukua majembe. Kaka zake walipima makali, wakaridhika. Yeye akataka kujua kwa nini chuma huwa chekundu kabla ya kuwa cheupe, na kwa nini hupoa kwa kelele kikitiwa majini. Lutengano aliungua kidole siku hiyo kwa kujibu huku anatazama kwingine. Kwao walimzoea, wakamwita Mdadisi, na jina hilo halikuwa la kumsifu.

Akaolewa mwezi wa nne. Akapanda mlima na vichipukizi vitano ndani ya jani la mgomba, na kwenye utelezi wa mwisho, karibu kabisa na kijiji, akaanguka. Kimoja kikakatika kwenye shina, kikabaki majani matupu bila hata uzi wa mzizi.

Mama Lutengano alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa aina ile ambayo ukila kwake ukashiba, anakuona bado una njaa. Alichagua mahali pazuri kuliko pote, ubavuni mwa mlango, akamwaga vikapu vitatu vya samadi ya ng'ombe, akapanda vichipukizi vinne kwa mkono wake. Kile kilichovunjika akakitazama kwa hofu. "Hiki kisikae hapa, kitatuletea nuksi," akasema. Lutengano akakichukua na kukitupa nyuma ya kibanda cha uhunzi, kwenye rundo la mavi ya chuma. Msicheke, ndivyo yanavyoitwa yale makapi magumu yenye matundu yanayobaki chuma kikishatoka tanurini. Pale halioti jani. Hata kuku hawapekui.

Vile vinne vililelewa. Mama mkwe alivimwagilia asubuhi, akavimwagilia jioni, na mchana akipita na kata mkononi hakuweza kujizuia. Navyo vikaitika. Majani yakanona, yakawa ya kijani, yamejaa kiasi kwamba ukiyaminya unahisi maji yanakimbia ndani. Tusajigwe akafurahi. Alikuwa amempenda mumewe tangu kabla ya kuja, hilo alilijua. Ambalo hakulitegemea ni kumpenda mama mkwe wake, na sasa alikuwa na watu wawili wa kupoteza.

Mwezi wa sita ukaingia. Asubuhi moja Tusajigwe alifungua mlango akakuta uwanja wote mweupe, mpaka kwenye mapaa na juu ya kuni.

"Mama! Nani amemwaga unga?"

Akainama, akashika, akaramba. Ukamuunguza ulimi, kisha ukawa maji. Akacheka kwa mshangao, akashika tena. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho.

"Sio unga, mwanangu, ni sakitu," mama mkwe akasema nyuma yake, na sauti yake haikuwa na kicheko. "Ni umande ulioganda." Akampita mbio kwenda kwenye mishubiri.

Majani yalikuwa yamebadilika, yanapitisha mwanga kama kitunguu kilichochemshwa. Jua lilipoyapiga yalilegea, yakalala, yakaanza kuchuruzika maji. Kufikia adhuhuri mishubiri mitatu ilikuwa uji. Wa nne, uliokuwa umejibana ukutani, ulikuwa umeungua nusu. Mama Lutengano akaung'oa, akautia kwenye chungu, akauweka ndani karibu na mafiga. Akawa anaupa maji ya uvuguvugu, akiufunika usiku kwa kanga yake mwenyewe. Baada ya siku kumi Tusajigwe aliushika kuugeuza, shina likabaki chunguni na majani yakabaki mkononi. Chini ulikuwa umeoza na kunuka.

Mama mkwe akakaa pale pale chini akalia. "Lihanje inaua," akasema. "Wana haki kusema Lihanje inaua."

Tusajigwe naye alilia. Lakini mtu wa maswali hata akilia kichwa hakikai kimya, na machozi hayajakauka alikuwa ameshaanza. Mitatu iliuawa na baridi, sawa, hilo wote waliliona. Huu wa nne je? Huu ulilala karibu na moto, umefunikwa kanga. Uliuawa na nini?

Akaenda kibandani kumpelekea mumewe viazi, na kwa kuwa hakutaka Lutengano amwone macho yalivyovimba, akazungukia nyuma. Hapo, katikati ya mavi ya chuma, akaona kitu chenye rangi ya tofali. Alidhani ni kipande cha chungu. Akainama.

Kilikuwa kile kichipukizi kilichovunjika. Kilikuwa kimesinyaa mpaka kikawa na ukubwa wa ngumi, majani yamejikunja kuelekea ndani kama vidole vya mtu anayeficha kitu kiganjani. Akakishika ili akiinue. Kikakataa. Akavuta kidogo tu, kikakataa tena. Kilikuwa na mizizi.

Tusajigwe alisahau viazi. Alichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kwenye kivuli cha rundo sakitu ya asubuhi ilikuwa bado nyeupe, kwa hiyo baridi ilikuwa imefika pale, tena bila ukuta wala kanga ya kuizuia. Samadi hakikupewa. Na maji? Tangu mvua za mwezi wa nne ziishe, hakuna aliyekipa hata tone, na mvua zenyewe zikipiga pale zilipitia kwenye matundu ya makapi na kuzama bila kutuama.

Akamvuta mumewe mkono kuja kuona. Lutengano akatazama, akajikuna kichwa.

"Mimi mtu wa chuma. Mambo ya majani kawaulize mbuzi."

"Sawa, mtu wa chuma, niambie basi la motoni. Kuna kitu kinachokufa kwa sababu kina maji ndani?"

Lutengano alitaka kumtania, lakini swali likamkamata. "Kipo," akasema. "Jiwe la mtoni. Hatujengei tanuri mawe ya mtoni hata siku moja. Lina maji ndani. Ukilitia motoni linalipuka, linaweza kukutoa jicho. La mlimani, kavu, linakaa. Ni moto ule ule."

"Na baridi je? Inaweza kufanya hivyo hivyo?"

"Hilo sijui," Lutengano akasema, akamwangalia mkewe kwa furaha ya mtu aliyeoa vizuri.

Jioni ile Tusajigwe alichukua vijungu viwili vidogo vya mama mkwe wake. Kimoja akakijaza maji mpaka mdomoni, akakiziba kwa gunzi. Kingine akakiacha kitupu. Akaviweka nje bega kwa bega. Asubuhi kile kitupu kilikuwa kizima, na kile kilichojaa kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni, barafu imechungulia nje.

"Kijungu changu cha maziwa!" Mama Lutengano akapiga kelele. "Nani kakivunja?"

"Maji, mama. Maji yamekivunja," Tusajigwe akasema, na kwa jinsi macho yalivyokuwa yakimng'aa mama mkwe alidhani ameshikwa na homa.

Akamketisha akamweleza yote, la jiwe la mtoni, la kijungu, la mshubiri nyuma ya kibanda. Akamwambia mmea ule haukukonda kwa kiu. Ulikuwa unajipunguza maji wenyewe, kama mtu anayejua njia ni nyembamba akatua mzigo. Ukijaa, baridi inaupasua. Ukibaki mkavu, baridi inakosa cha kupasua. Na ule wa ndani waliunywesha wakati ulikuwa umefunga, wakauzamisha.

Mama mkwe alisikiliza. Alikubali kwa kichwa. Akili yake ilielewa kabisa, kijungu chake si kilikuwa mbele yake kimepasuka? Lakini moyo wake haukuwa umeelewa chochote.

Lutengano alifanya sehemu yake. Mwezi wa saba Lihanje hupata manyunyu, mvua ile nyembamba ya ukungu ambayo huioni ikinyesha ila unajikuta umelowa. Alisimamisha fito nne juu ya mshubiri, akatia paa la nyasi lililoinama upande mmoja, pembeni akaacha wazi upepo upite. Wahunzi wenzake wakamuuliza kama anamjengea mkwewe nyumba. Akawajibu kwamba ndiyo, na tena huyu mkwe haombi chumvi.

Siku zikaenda, mshubiri ukazidi kusinyaa. Rangi ya tofali ikawa ya kutu, ncha za majani zikakauka. Kila asubuhi Mama Lutengano alikuja kuutazama, akaondoka anaguna. Alikuwa halali vizuri. Chakula alikipika kingi kuliko kawaida, akawashindilia watu, kwa sababu mikono yake ilitaka kumpa mtu kitu.

Kisha ikaja siku moja mwezi ule ule, mawingu yameondoka yote, mbingu tupu, na alasiri upepo wa kusini ukaanza. Kila mtu Lihanje alijua maana yake. Kesho yake ingekuwa sakitu kubwa ya mwaka. Watu waliingiza ndama ndani mapema. Tusajigwe alikwenda kuangalia kama paa la nyasi limekaza, na alipozunguka kibanda akamkuta mama mkwe wake amesimama juu ya rundo, kibuyu cha maji ya uvuguvugu mkononi, mvuke unatoka mdomoni mwake.

Akapanda mbio, akasimama kati yake na mmea.

"Hapana, mama."

Nyinyi wa siku hizi mnasema hapana kama mnavyokohoa. Wakati ule mke wa mtu hakumtazama mama mkwe usoni, seuze kumzuia njia. Tusajigwe mwenyewe alishtuka kulisikia neno likitoka kinywani mwake. Lakini hakusogea.

"Nipishe, mwanangu."

"Mama, nisamehe. Ukiupa maji leo, kesho asubuhi utakuwa kama ile mingine."

"Utazame! Utazame ulivyokauka. Hata mwizi aliyefungwa kamba hupewa maji."

"Haujafungwa, mama. Umejifunga."

"Maneno hayo!" Sauti ya Mama Lutengano ikapasuka. "Wewe unajua maneno. Mimi nilimwona mwenzako akishuka njia hii, anageuka, ananiangalia, mimi nimesimama na mikono mitupu. Mtoto wangu naye akaifuata njia hiyo hiyo. Siwezi kusimama na mikono mitupu mara ya pili. Siwezi. Nipishe."

Tusajigwe alishika kibuyu kwa mikono yote miwili, wakawa wamekishika wote. Akauliza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, hata pale hakuweza kutouliza:

"Mshubiri wa mwenzangu, mama, uliumwagilia mpaka lini?"

"Kila siku! Kila siku ya Mungu. Asubuhi na jioni, mpaka siku ya mwisho. Hata jioni ile kabla ya sakitu nili..."

Midomo ilibaki wazi. Upepo ukapita kwenye nyasi za kile kipaa, na Tusajigwe akatamani angeweza kulirudisha swali lake.

"Ni mimi," Mama Lutengano akasema polepole.

"Sikusema hivyo, mama."

"Hujasema. Nimesema mimi."

Akakaa juu ya yale makapi makali, akaangusha kichwa magotini, akalia kilio cha mwanamke aliyefiwa. Tusajigwe alikaa kando yake. Mara hii hakuwa na swali. Kibuyu kilikuwa bado katikati yao, kimeshikwa na mikono minne.

"Nipe mimi, mama," akasema mwishowe. "Nina kiu."

Hakuwa na kiu. Lakini alikiinua kibuyu, akanywa yale maji ya uvuguvugu yote hadi tone la mwisho, na mama mkwe wake akamtazama akinywa, machozi yakimteremka, mpaka pumzi zake zikatulia.

Sakitu ya kesho yake ilivunja matawi. Maji ya ng'ombe yaliganda mpaka chini. Walikwenda wote wawili nyuma ya kibanda wameshikana mikono, wakaukuta mshubiri vile vile walivyouacha, mdogo, wenye rangi ya kutu, kimya. Ulikuwa hai? Hawakujua. Mmea uliolala na mmea uliokufa hawana tofauti machoni, na hawakuthubutu kuukata ili wajue. Kwa hiyo wakangoja, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko baridi yenyewe. Mama Lutengano aliendelea kuja kila asubuhi, ila sasa mikono mitupu, ameikunja kwapani. Wahunzi walimsikia akiusema ule mmea: "Usinitazame hivyo. Sikupi. Hata ukilia sikupi."

Mwezi wa tisa wajomba wakapanda. Aliyewaongoza alikuwa Mwakatobe, kaka wa mama yake Tusajigwe, mtu mnene, mgumu, asiyeamini anachoambiwa. Ni yeye aliyekuja kumchukua yule mke wa nne. Alifika anahema, amejifunga blanketi mbili, akapewa kiti na uji wa moto, akakataa vyote.

"Kwanza mshubiri," akasema.

Wakampeleka nyuma ya kibanda. Nusu ya kijiji iliwafuata. Mjomba Mwakatobe alitazama rundo, akatazama kile kipaa cha nyasi, akatazama kilichokuwa chini yake. Uso ukamwiva.

"Binti yetu tuliwapa akiwa na vichipukizi vitano. Vinne viko wapi?"

"Vimekufa, mjomba," Tusajigwe akasema.

"Na cha tano mmekitupa kwenye mavi ya chuma." Akachuchumaa kwa shida. "Kimenyweshwa maji lini mara ya mwisho?"

Akaingiza kidole kwenye makapi, kikatoka kikavu.

"Nauliza. Nani aliyeunyima mmea huu maji?"

Lutengano alifungua kinywa. Tusajigwe alishavuta hatua. Lakini Mama Lutengano alikuwa mbele yao wote wawili.

"Mimi," akasema. "Usimtazame mtoto. Mingine niliipa samadi ikafa. Mmoja niliupa moto ukafa. Wa yule mkwe wangu wa kwanza niliumwagilia kwa mkono huu mpaka ukafa, ukaja ukamchukua. Huu nimeunyima. Siku zote hizo nimekuja hapa na moyo unaniuma nikaunyima. Kama umekufa, mimi ndiye."

"Umekufa," Mwakatobe akasema. Akavunja jani moja ili awaonyeshe watu ukavu wake.

Ganda lilikuwa gumu kama ngozi ya viatu. Lakini chini ya ganda palikuwa na nyama nzito, inang'aa, na pembeni mwa mvunjiko utomvu wa manjano ukachomoza, ukajikusanya tone. Watu wakasogea. Mjomba akautazama. Akaunusa. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeamini macho yake mwenyewe, akatoa ulimi akauramba.

Shubiri ya kawaida mnaijua uchungu wake. Sasa ile ilikuwa imekaa miezi mitano bila maji, imejikamua mpaka kilichobaki ni shubiri tupu. Macho yalimtoka mjomba. Akatema mara tatu, akajipangusa ulimi kwa blanketi, akakohoa, machozi yakamwagika.

"Maji!" akalia. "Nileteeni maji!"

"Nikuhurumie, mjomba," Mama Lutengano akauliza, "au nikupe maji?"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka kisimani. Tusajigwe alicheka huku analia, amemkumbatia mama mkwe wake shingoni mbele ya watu, bila kujali adabu. Na Mwakatobe, ulimi nje, mabega yakaanza kutikisika, akacheka naye. Alipoletewa kibuyu alisukutua, akataka kuelezwa. Mama Lutengano hakuwa mtu wa maneno mengi kama mkwewe. Akamwambia tu: "Ukiuhurumia mshubiri, unyime maji." Mjomba akalirudia neno hilo kwa sauti, akatikisa kichwa, akasema wapige ngoma.

Ndivyo Tusajigwe alivyobaki Lihanje. Mvua zilipokuja mshubiri ukanywa ukanenepa, ukazaa vichipukizi pembeni, na kila anayeolewa kule juu tangu hapo hupanda wake kwenye mavi ya chuma.

Lakini hadithi haikuishia mlimani. Mwaka uliofuata Mama Lutengano alichukua kichipukizi kimoja, akashuka mwenyewe mpaka Lufilo, siku mbili kwa miguu, akimtafuta yule mkwe wake wa kwanza. Alimkuta ameolewa na mtu mwingine, ana mtoto mgongoni na mwingine anakimbiakimbia. Akampa kile kichipukizi, akamweleza yote, tangu samadi hadi kijungu. Akasema: "Ulirudishwa kwa sababu yangu. Nilikuwa naumwagilia kila siku, mwanangu. Mimi ndiye niliyeuua."

Yule mwanamke akampapasa mtoto wake mgongo.

"Mama, nilikuwa nakuona," akasema. "Kila asubuhi nikifungua macho nakuona na kata yako. Ndiyo maana mpaka leo sijaweza kukuchukia."

Akampikia wali, wakala pamoja, na jioni wakapanda kile kichipukizi uani. Mama Lutengano alipoona mkono wa mwenzake unaelekea kwenye mtungi, aliushika.

Kwa hiyo wewe uliyesema haya ni maneno ya wachoyo, menya viazi vyako. Mchoyo hunyima akalala usingizi. Huyu mama alinyima akakesha.

Ukiuhurumia mshubiri, unyime maji.